Kikombe cha Bibi Harusi

Tangu alfajiri Lufega alikamua mananasi na machungwa, akachemsha mchaichai na tangawizi, akaponda majani ya mnanaa kwa mikono yake. Ilikuwa harusi ya Mbuke, mwanawe wa pekee, na kwa desturi yao baba ndiye humpa bibi harusi kikombe cha kwanza. Kwa miaka minne Lufega hakuwa ameonja pombe.

"Leo umetia nini humo, kaka?" dada yake Kabula alimtania. "Wageni wasije wakaanguka na viti!"

Wanawake wakaangua kicheko. Lufega naye akacheka kidogo, akachota.

Mbuke alipiga goti, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha, kabla ya kunywa, akakisogeza puani na kunusa. Alinusa mara moja tu, haraka, kama alivyokuwa akinusa vikombe vya baba yake utotoni.

Vicheko vikakatika.

"Baba, nisamehe. Ni mazoea tu."

"Kunywa, mama," alisema Lufega taratibu. "Ni matunda."

Akaligeukia sufuria, akaanza kukoroga, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Hakugeuka kutazama kama anakunywa.