Viatu Vyekundu vya Saumu

Tangu mama yake aolewe na Kitwana, Saumu alikuwa hajamsemesha baba huyo mpya. Na mama akithubutu kumwita mumewe Baba Saumu, mtoto hununa mpaka chakula akakisusa. Hata leo, kwenye bustani ya wanyama, mbele ya banda la simba, swali lake alilipitisha kwa mama:

"Mama, muulize, simba akilala hukoroma?"

"Mwambie hukoroma kunishinda mimi," Kitwana akajibu.

Walipofika kwenye michezo ya watoto, mama akaenda kununua juisi ya miwa. Saumu akasimama mlangoni pa jumba la upepo la kurukia, akilitazama lundo la viatu vya wenzake. Vyake vilikuwa vipya, vyekundu. Akavivua, akavitia mikononi mwa Kitwana.

"Nishikie. Usiende popote."

Kitwana akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Mama aliporudi, akaita kutoka kivulini: "Baba Saumu, jua kali hilo, njoo huku!" Kisha akajiziba mdomo.

"Siondoki," Kitwana akasema, viatu kavikumbatia. "Nimekatazwa."

Kichwa cha Saumu kikachomoza juu ya ukingo, kikaviangalia viatu, kikazama tena kurukaruka.