Hewa Iliyokwama

Fundi alikwama mlangoni mwa bafu, mkono mmoja ndani ya shati, mwingine nje. Alishika fremu, akatumbua macho, akangoja hewa ije. Haikuja. Mkewe aliacha sufuria jikoni, akaja mbio na mrija wa oksijeni.

"Polepole. Toa kwanza, ndiyo uvute."

Kutoa ndiko kulikokuwa kazi. Miaka mingi ya kupulizia magari rangi bila barakoa, na sigara kila gari likisubiri kukauka, ilimwachia mapafu yaliyolegea kama mpira wa kaptura kuukuu. Hewa iliingia, ikakaa humo humo. Mtu aliyekuwa akifoka gereji nzima inanyamaza, na nyumbani vilevile, sasa alivalishwa soksi kama mtoto.

Mkewe hakulalamika. Alimwogesha, akamlisha, akamwinua kitandani kila alipodhani roho inaacha mwili. Majirani walisema mwanamke wa namna ile hapatikani tena. Siku moja Fundi alijaribu kumwomba radhi kwa yaliyopita, maneno yakamkatikia njiani.

"Pumzika," mkewe alisema, akimpangusa jasho. "Usiongee sana."

Ni yeye aliyesikia habari za vali, vizibo vidogo vinavyowekwa ndani ya mapafu. Aliganda kwenye mlango wa kliniki mpaka wakapangiwa siku.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwachorea mapafu kwenye karatasi. "Hatupasui kifua. Tunapitisha kamera kooni, tunaweka vali ndogo kwenye njia za ile sehemu iliyoharibika kabisa. Hewa inatoka, hairudi. Sehemu hiyo inasinyaa, na iliyo nzima inapata nafasi ya kupanuka."

"Atapona?"

"Kupona, hapana, mama. Wapo wanaopata nafuu kubwa. Wengine hawaoni tofauti. Na wapo ambao pafu linatoboka, hewa ikavujia kifuani. Hapo mtu anaweza kufa."

Fundi aliinamisha kichwa. Mkewe alisogeza kiti mbele.

"Akipata hiyo nafuu, ataweza kuoga mwenyewe? Kujipikia? Kushinda nyumbani bila mtu?"

Daktari alitabasamu. "Baba, una bahati."

"Najua," Fundi alijibu, machozi yakimlengalenga.

Walimpima, wakaridhika kwamba sehemu ile mbovu haipitishiani hewa na sehemu iliyo kando yake, wakaziweka vali. Kesho yake alivuta pumzi ikafika mahali alipokuwa ameshapasahau. Alimshika mkewe mkono, akavuta nyingine.

Furaha haikufika mbali. Alikuwa anakunywa chai kitu kilipochanika ubavuni, kama kitambaa. Kikombe kikamponyoka. Midomo ikageuka bluu, na wodi ikawa mbali, mbali sana. Alipopata fahamu alikuwa na bomba ubavuni, limeunganishwa na chupa ya maji chini ya kitanda. Maji yalibubujika kila alipopumua. Yalibubujika mchana, yakabubujika usiku, na kila povu lilikuwa pumzi yake inayotoroka.

"Pafu linakataa kuziba," daktari alisema mwishowe. "Naona tuzitoe vali."

Mkewe alidaka mkono wa koti la daktari.

"Usizitoe! Nakuomba, daktari, ngoja kidogo. Ngoja tu kidogo." Sauti ilimpasuka, wodi nzima ikageuka. Fundi hakuwahi kumwona akilia hivyo, hata kwenye msiba wa mama yake mzazi. "Akirudi kuwa kama alivyokuwa, tumekwisha. Wote wawili tumekwisha."

Daktari alikubali kungoja. Mkewe alishinda chini, kando ya chupa, akiyakodolea macho maji kama mtu anayesubiri hukumu. Mapovu yakapungua. Yakawa moja moja. Kisha maji yakatulia.

Nyumbani Fundi alianza upya kama aliyezaliwa jana. Alioga peke yake, mkewe akisikiliza nyuma ya mlango. Alifua. Alienda dukani, mkewe akimfuata kwa nyuma, mikono ameikunja kifuani. Mkewe alimfundisha hata kupika maharage, naye akayatoa jikoni yakiwa magumu ajabu.

"Haya si maharage," mkewe alisema. "Ni kokoto umezipiga rangi."

Walicheka mpaka Fundi akashika ubavu. Cheko zima, bila kukohoa. Moyoni aliapa kwamba pumzi hii mpya hatamfokea nayo tena, hata siku moja.

Kliniki ya mwisho daktari alisikiliza kifua, akasema wasirudi mpaka mwaka uishe. Asubuhi iliyofuata Fundi alitoka sokoni na kikapu kizito, akapanda ngazi zote za jengo lao pasipo kushika ukuta. Alisukuma mlango kwa goti.

"Mke wangu! Nimepanda bila kupumzika!"

Mkewe alikuwa amesimama sebuleni, amevaa viatu, begi miguuni.

"Nimekuona dirishani," alisema.

"Tunasafiri?"

Mkewe aliinua begi, akalitundika begani.

"Nililifunga hili kabla hujaanza kuumwa. Mgonjwa sikuweza kumwacha."