Jina Lililochorwa Chini

Salha alipoitua taipureta juu ya meza ya fundi Makame, mzee aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi.

"Hii Halvorn umeitoa wapi, mwanangu?"

"Nimeinunua mnadani, mzee wangu," alidanganya. Aliikuta stoo kwa marehemu baba yake. "Naandika historia yake. Vitabuni haimo kabisa."

"Itakuwamo vipi? Mjini hapa zilikuja sita tu, zote za ofisi moja."

Mzee alichomeka karatasi, akabonyeza herufi chache. Kila m iliruka juu ya mstari, kama mtu anayechungulia ukutani. Alifungua droo, akatoa barua iliyochakaa mikunjoni.

"Kaka yangu aliitwa kwenye ofisi hiyo kwa barua hii. Alikwenda, hakurudi. Haina hata saini."

Salha aliisoma. Kila m ilichungulia. Baba siku zote alisema ukarani wake ulikuwa wa posta.

"Pengine zote sita zilikuwa hivi," alisema.

"Pengine." Mzee alivaa miwani. "Nilizitengeneza zote mimi. Na kila moja nilichora chini yake jina la anayeitumia, zisije zikachanganyika."

Akaishika kwa mikono miwili ili aipindue. Salha, akiwa upande wa pili wa meza, alijikuta ameikandamiza vitufeni kwa viganja vyote viwili. Vyuma vya herufi viliinuka kwa pamoja, vikakwama hapo hapo, vimemnyooshea kama vidole.