Umbali wa Galaksi Hafifu

"Dada, pitisha jicho kabla Profesa hajaja," alisema binti aliyeanza kazi mwaka jana, akimkabidhi Na-rae karatasi kwa mikono miwili.

Juu yake binti alikuwa amekokotoa umbali wa galaksi ambayo Na-rae alihangaika kuipima ujana wake wote. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

Kisha akaliona kosa. Binti alisahau vumbi la angani, linalofifisha nyota hadi zionekane mbali kuliko zilivyo.

"Vipi? Au dada unaona gere?" Binti alicheka, masikio yamekuwa mekundu kwa woga.

Mlango ukafunguka, Profesa akaingia. "Haya, bingwa wetu yuko wapi?"

Binti akanyoosha mkono achukue kazi yake. Na-rae hakuiachia karatasi.

"Profesa, tunaomba nusu saa tumalizie hesabu," alisema. "Nimemchelewesha mimi."