Boti Isiyo na Kamba

Boti ilikuwa ikielea ubavuubavu, injini imezimwa, na ndani hapakuwa na mtu.

Shamimu aliudaka ukingo wake huku Twalibu akituliza boti yao ya doria. Fimbo mbili za kuvulia zilikuwa zimelala chini, chambo kingali kwenye ndoano. Chupa ya chai ilisimama wima. Pembeni kulikuwa na makubazi ya kiume na raba za kike, zimepangwa kama mlangoni pa msikiti.

"Aliyeanguka majini havui viatu kwanza," Twalibu alisema taratibu.

"Basi wamekwenda wapi?"

Shamimu akatoa simu, akapiga namba aliyoachiwa mchana na yule dada mwenye boti. Simu ikaita ndani ya mkoba uliokuwa chini ya kiti cha boti ile tupu. Akaikata upesi, kana kwamba amegusa kidonda.

Juu ya Uluguru mvua ilishaanza. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na upepo wa baridi ulishafika bwawani. Wingu la mvua hiyo Shamimu alikuwa ameliona mchana, bado dogo. Aliliona, na akawaruhusu.

Walikuwa wametoka Mwanza na boti yao juu ya trela, Mzee Ignas na bintiye Neema, wageni wa kuvua kwa starehe. Walilala Gairo, wakapita Dumila alfajiri. Shamimu, mkaguzi wa boti hapo bwawani, aliwazuia getini. Maji ya mji yanatoka humo, na boti iliyotoka ziwani haiteremshwi mpaka isafishwe. Alimwaga maji yaliyobaki ndani ya boti, akachokonoa panga la injini, akapulizia klorini kila upenyo.

"Dada, tumeiosha nyumbani," Neema alilalamika. "Unatafuta nini hasa?"

"Gugu maji. Kipande kidogo tu kinatosha kutuharibia bwawa."

Mzee Ignas akatabasamu bila furaha. "Gugu maji kwetu tunalijua, binti."

Shamimu aliona amedharauliwa. Akairudia kazi yote upya, polepole, nao wakimtazama juani. Mwishowe akawavalisha majaketi okozi ya rangi ya chungwa, akakaza mikanda kwa mkono wake. Hapo ndipo alipoliona wingu. Lakini alikuwa amewachelewesha mno, akaona haya kuwaambia warudi kesho.

"Mzee, upepo ukigeuka tu, mrudi," alisema.

Upepo uligeuka. Hawakurudi.

"Shamimu, tazama hapa." Twalibu alikuwa ameshika pete ya mbele ya ile boti. "Kamba haipo. Haikukatika, imefunguliwa. Na ya nanga nayo haipo."

"Labda mmoja alizidiwa, mwenzake akamfuata," Shamimu alisema. "Labda wamejifunga pamoja wasipoteane."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Watu wawili waliofungwa kamba moja. Akizama mmoja, wamezama wote.

Waliivuta boti ile nyuma yao, wakafuata ukingo wa matete. Shamimu alipuliza filimbi, akatega sikio, akapuliza tena. Upepo ulirudisha mlio wake mwenyewe. Mawimbi yalianza kurukia ndani, naye Twalibu akawa anakomba maji kwa kopo, mkono mwingine kwenye usukani.

"Turudi tukaite wazamiaji," alisema. "Mvua ikitukuta hapa tutatafutwa sisi."

"Tumalize upande huu."

"Dada yangu, hii boti ni ndogo."

"Nimekwambia tumalize, Twalibu. Nilimfunga yule mzee mikanda kama mtoto. Nitamwambia nini mkewe?"

Twalibu akaongeza moto.

Walipoizunguka kona ya mwisho ya matete, pale kijito cha mlimani kinapoingilia bwawani, Shamimu aliona rangi ya chungwa. Jaketi moja lilikuwa juu ya maji, likipanda na kushuka na wimbi, kifua wazi. La pili lilikuwa karibu yake. Mikanda aliyoikaza mchana ilikuwa imelegea, inachezacheza majini. Ndani ya majaketi yale hapakuwa na mtu.

"Innalillahi," Twalibu alinong'ona, akavua kofia.

Shamimu alikaa juu ya ubao, akafunika uso, akalia bila sauti. Kisha akajikaza, maana lazima mtu ayaokote, ampelekee mama wa watu. Akajifuta macho, akachukua kasia, akainama kulivuta la kwanza.

Jaketi halikuja.

Akavuta tena, likakaza. Kamba ilikuwa imepitishwa kwenye matundu ya mikono, ikaenda hadi jaketi la pili, ikaendelea mpaka kwenye mti wa ng'ambo ya pili, imekatiza mdomo wote wa kijito. Nyuma yake maji hayakuonekana kabisa. Palikuwa na majani mabichi yanayong'aa na maua ya zambarau, zulia zima la gugu maji, yakisukumwa na mafuriko ya mlimani, yakitafuta njia ya kuingia bwawani. Na katikati, wamo majini hadi shingoni, wameegemeza migongo yao kwenye lile zulia na kuishikilia kamba kwa mikono yote, kulikuwa na vichwa viwili.

"Zima injini, binti, panga lisije likalikata likasambaa," Mzee Ignas alisema, meno yakimgongana kwa baridi. "Halafu njoo ushike hapa. Neema amechoka."