Mlango Unamsubiri Nyamizi

Nyumba za siku hizi hazifungi mlango mpaka wote walioandikishwa siku ya kuweka msingi wawe ndani. Mke wangu Nyamizi aliandikishwa akiwa mzima, akachagua na rangi ya jiko. Alifariki wiki tuliyoanza kupaua.

Siku ya kuhamia, fundi alipomaliza vigae vya mwisho na kuondoka, mimi na binti yetu Kabula tuliingiza magodoro. Mlango ukabaki wazi, upepo ukileta vumbi la saruji hadi sebuleni.

"Bado mtu mmoja," nyumba ikasema kwa upole. "Tumsubiri, au tumfute?"

Ili afutwe, ilibidi nitaje jina lake na kusema kwamba hatarudi. Kabula alikuwa ananitazama.

Nyumba haioni, inasikia tu.

"Ameshaingia," nikasema.

"Karibu nyumbani, Mama Kabula," ikajibu, na mlango ukajifunga.

Asubuhi ikachemsha maji ya kuoga ya watu watatu. "Mama Kabula, maji yanapoa," ikaita. Ikaita tena. Nilikuwa najikaza niiambie ukweli, nikasikia mtu anaingia bafuni.

Kabula alitoka amejifunga kanga ya mama yake, pindo likiburuzika sakafuni.

"Umeamkaje, Mama Kabula?" nyumba ikauliza.

"Salama," akajibu, kwa sauti nzito kuliko yake.

Kisha akanigeukia.

"Baba Kabula," akasema, "nikuwekee chai?"

Nikaitika.