Forodha ya Mzee Damas

Vijana walikuwa wameshaanza kuchimbia kibao mbele ya nyumba wakati mzee Damas anatoa kitanda nje. FORODHA YA KALE, kibao kilisema, kwa rangi ambayo hata kukauka haijakauka. Mkewe Gaudensia alikuwa ameketi juu ya gunia la nguo, ameshika tama.

Idrisa, mtaalamu wa majengo ya kale aliyetumwa kutoka Dar, alikuwa mpole kupita kiasi. Heri angefoka, mtu ukapata pa kujishikiza.

"Hapa, mzee, ndipo misafara ya Ujiji ilipolipia ushuru wa pembe," alisema, akigusa boriti za mninga juu ya kichwa chake. "Na mlango huu! Nakshi, misumari ya shaba. Milango ya namna hii Tabora imebaki mingapi?"

"Mtaa huu ni huo tu," Damas alijibu.

"Na ninyi miaka yote mnakaangia dagaa kwenye mali ya taifa!"

Vijana wakacheka. Damas naye akacheka kidogo, kwa adabu, huku machozi yakimlenga. Watoto wake wote walizaliwa chumba kile cha nyuma. Jioni ile angekwenda wapi? Urambo, akalale kwa mkwewe? Mtu mzima na mvi zake, anapishana na mkwe mlangoni kwenda kuoga! Alijisikia vibaya hata kuwaza.

"Mwanangu," alianza, "nyumba hii..."

"Najua, inauma. Lakini sheria haitaki mtu akae humu." Idrisa alimshika bega. "Sisi tunakushukuru, mzee. Bila wewe wezi wangeimaliza. Mwezi uliopita kuna mtu kule Bukene alikutwa na dirisha la jengo la zamani amelipachika kwake. Dirisha moja tu! Yuko ndani mpaka leo, na nyumba yake imevunjwa. Enhe, ulitaka kusemaje?"

Damas alitazama chini.

"Basi tu, mwanangu. Nilitaka kusema imechoka, muitunze."

Idrisa akaenda barabarani kupiga picha za mbele. Gaudensia akainuka na kumvuta mumewe shati.

"Baba Prosperi, mdomo umeshonwa? Sema! Tunatolewa kama wavamizi, na wewe unamkubalia kila kitu!"

"Niseme nini, mke wangu?" Damas alinong'ona, akichungulia kama Idrisa yuko mbali. "Kwamba forodha ilikuwa kule ng'ambo, penye kituo cha mafuta, ikaanguka kwa mvua, mtaa mzima ukaja kuzoa? Kwamba hii niliijenga mimi kwa mikono yangu, na huo mlango niliuleta kwa mkokoteni?"